Saa Moja ya Mama-buko Hortense

Mpendwa mushauri Mama Berthe, naomba musaada, lakini kwanza ujue unaandikiwa na muntu wa bahati, juu mu Likasi muzima hakuna mufanyakazi wa kiwanda mwenye kupanda ndege kama minye, Kinshasa nimeenda mara tatu, marubani bananijua kwa jina, na majirani ya kartiye banakuja kuniuliza mambo ya safari na minye naeleza bila kulipisha, niko na moyo mukubwa.

Sasa Élise, mudogo wa bibi yangu wa ndoa Clémentine, iko mu hospitali Kinshasa, mimba ya kwanza inamusumbua, banganga banasema wiki kesho batamupasua, naye analia tu, "Muniletee mama." Bwana yake alishatuma tiketi. Lakini mama yao, mama-buko wangu Hortense, anaogopa ndege kuliko nyoka. Akamutuma Clémentine aniulize, juu minye na buko hatuongei uso kwa uso, njo heshima: "Kule juu inakamata saa ngapi?" Nikajibu kama profesa: inaondoka Lubumbashi dix heures, ni kusema saa ine ya asubuhi, inafika Kinshasa onze heures, saa tano, njia ni ya saa moja tu! Na kurudi? Ubao wa kiwanja ya ndege niliusoma: kutoka kule quatorze heures, saa munane, kufika huku dix-sept heures, saa kumi na moja. Nikasema saa tatu, juu Katanga iko juu, ndege inapanda mulima. Mama-buko akacheka nyuma ya mulango: "Kumbe kwenda inateremuka! Saa moja nitavumilia, nitafumba macho, nitasali rozari. Kurudi tutaona."

Jana nikaeleza ule mulima kazini, Étienne, mwenye kuzaliwa na kukomalia Kinshasa, akaanguka na kicheko: "We Georges! Saa ya kule iko nyuma ya saa ya huku kwa saa moja! Ndege inakamata saa mbili, kwenda na kurudi!"

Mama, anaondoka siku ya Mungu, Jumapili hii. Saa moja ikipita na bado iko mu mawingu, atasema ndege imepotea, na moyo yake haina nguvu. Nikimwambia saa mbili atakataa, na Élise atapasuliwa bila mama. Nifanye nini? Na ile bahati yangu ya hapo juu, ni uongo. Ndege sijapanda hata siku moja.

Georges, Likasi

*

Georges,

Mulima! Ndege iko na reli? Nimecheka, kisha nimekasirika. Kutoka Lubumbashi mupaka Kinshasa iko kilometa elfu moja na mia tano na zaidi, nani atazimaliza kwa saa moja? Ulitaka kumupa mama nguvu, hiyo naiona. Lakini ukimuacha apande na hesabu yako, woga utamukamata pahali hakuna muntu wake wa kumushika mukono.

Leo hii, toka kazini, kamata Clémentine, muende kwa mama-buko. Heshima haikatazi kweli, simama nyuma ya ule mulango na useme mwenyewe: nilikosa, ni saa mbili. Ni kama misa ya Pasaka yenye ubatizo ndani, na ile anaivumilia kila mwaka, tena kwa magoti. Saa ya mukono aiache nyumbani. Usimuulize kama atakubali. Muulize, kama haendi, tumwambie Élise nini? Kisha nyamaza. Mwenye kuzaa batoto hatashindwa kuketi saa mbili kwa ajili ya mutoto wake.

Siku ya Mungu umubebee muzigo mupaka pale banakuruhusu, na usikimbilie gari ya kurudi. Akigeuka juu ya ngazi ya ndege, akuone.