Seva kwenye kompyuta ya bosi

Shoga, nimekwisha.

Si unajua seva ya gemu letu niliificha kwenye kompyuta ya bosi? Seva haihitaji kadi ya picha wala skrini, inataka RAM tu. Nikajua hataiona.

Leo kaniita. "Fundi, mashine yangu inakwama."

Nikamjibu bila kupepesa macho kwamba RAM ni ndogo, anunue nyingine.

Akasema sawa. Halafu akafunga mlango.

"Iweke leo leo. Jana seva yako iliganda nikapigwa risasi, na wewe ukacheka kwenye maiki ukaniita mkokoteni. Sauti yako naijua."

Mkokoteni. Nimemwita bosi mkokoteni.

Kumbe yule mchezaji Chuma tunayemsimanga kila siku kwenye gemu ni yeye.

Sasa Chuma ndiye nahodha wetu. Ukiingia kwenye gemu, anza na shikamoo.