Samaki Wako Anakula

Mpwa wangu,

Mjomba wako ni mzima, kifua bado cha chuma. Umeuliza tena habari za samaki wako wa maji ya chumvi. Basi tulia, anakula! Alipokataa uduvi wa barafu, fundi wa matangi ya samaki aliniambia, "Mzee, huyo hali kisichotembea. Atakufa tu." Nikamcheka. Mimi niliyemlisha chui kwa kijiko nishindwe na kidudu kama kidole gumba? Niliufunga uduvi kwenye uzi, nikauchezesha majini kama unaoogelea. Akaudaka! Sasa kila asubuhi ndiyo kazi yangu, mpaka mgongo unalia.

Mama yako bado mgonjwa, kitanda chake kiko pembeni ya tangi la samaki huyo. Hujamuulizia, lakini nakwambia: uji anaurudisha, supu anaipa mgongo. Jana nilimchezeshea kijiko mbele ya mdomo. Akacheka kidogo, akasema, "Kaka, mimi si samaki. Mwambie mwanangu aje anilishe mwenyewe."

Hapo ujanja wangu umeisha. Njoo. Ukiandika tena kuulizia samaki tu, namkaanga.

Ni mimi mjomba wako, niliyemweza chui, nikashindwa na dada yangu.