Bahasha ya Ndani

Casimir,

Supu ya kabichi iko jikoni, ipashe tu. Mbwa ameshakula, asikudanganye.

Nimekimbilia ofisi ya uchaguzi ya kaunti. Wamenipigia ulipokuwa unaoga: kura yangu ya posta imefika bila bahasha ya ndani, ile ya kuificha, kwa hiyo haihesabiwi nisipoirekebisha leo kabla ya saa kumi. Mimi! Niliyewasumbua marafiki kumi na tisa kwa ile programu ya simu inayoonyesha nani ameshatuma kura yake: "Shoga yangu, usisahau bahasha ya ndani!" Kumbe yangu ilikuwa mlangoni mwa friji, na mwandiko wako juu yake: maziwa, mayai, chakula cha mbwa.

~~Sitakusamehe mpaka Krismasi.~~ Nimecheka mpaka machozi. Ila dada yako Wilhelmina asijue.

Wote kumi na tisa wameshatuma, simu inaonyesha. Kwenye orodha yangu amebaki mmoja tu, wa ishirini, anayeicheka simu yangu kila siku. Bahasha zako ziko chini ya sahani yako. Kura ndani ya ndogo, ndogo ndani ya kubwa, kisha sahihi na tarehe.

Maziwa nitanunua nikirudi. Bahasha yenye orodha yako nimeondoka nayo, nikamwonyeshe karani ushahidi.

Mkeo