Mfuko Uliokuwa na Joto Tayari

Mtaa wa Kongo, Kawangware
Jumanne asubuhi

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Goti linaendeleaje? Na nyanya, Dani wetu, bado anagombana na kuku wake? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku inaingia mpaka kwenye meno. Najua unashangaa kwa nini nimempa shangazi karatasi akuletee wakati simu ninayo. Soma hadi mwisho, na usinicheke kabla hujafika.

Kwanza habari njema. Nimepata kazi ya kuwabebea watalii mizigo mlimani, ile niliyoililia mwaka mzima. Tunaondoka Alhamisi. Msimamizi alisema kila mtu ajitafutie mfuko wa kulalia. Usishtuke, si ule wa mochari. Ni kama blanketi lenye zipu, unaingia na kujifunga mpaka kichwani.

Jumamosi nilienda Kibera, kwa mama mmoja anayeuza mitumba karibu na stendi ya Olympic. Alikuwa na mifuko miwili tu.

"Sasa mrembo, hii ni ya manyoya ya bata," akasema. "Ni light, na joto yake si ya kawaida. Lakini ikinyeshewa, imekufa. Hii ingine ni ya nyuzi za plastiki. Ni nzito, lakini hata ikilowa inashika joto. Kwani unaitwa nani?"

"Akoth."

Alicheka, kisha akanyamaza. "Jina ya mtoto amezaliwa na mvua. Chukua ya nyuzi."

Unanijua mimi na ubishi wangu. Mgongo wa kubeba ni wangu, nikachukua wa manyoya, tukakubaliana kwamba usiponifaa nitaurudisha.

Jumapili baada ya kanisa niliingia ndani yake nikiujaribu. Mama, ulikuwa na joto tayari. Mimi natetemeka, lakini ndani kuna joto la kitanda ambacho mtu ameamka sasa hivi. Manyoya yalikuwa yamegandana pembeni, katikati pamebaki nafasi ya mtu aliyelala kiubavu, magoti ameyakunja. Nafasi ile ilinitosha sawasawa. Niliogopa, lakini uchovu ulinishinda nikasinzia.

Nikasikia mlangoni, "Akoth." Sauti ya mwanamke, ya upole, kama ya mtu wa nyumbani. Ulitufundisha tangu utotoni kwamba usiyemwona akikuita, usiitike mpaka aite mara ya pili, maana wasio watu huita mara moja tu. Lakini kofia ya mfuko ilikuwa imeniziba masikio, nikadhani ni jirani yangu, Mama Joy. Nikaitika, "Naam, niko."

Hakuna aliyeita tena. Nilipofungua mlango jua lilikuwa linawaka, na Mama Joy amekaa nje anachambua mboga za sukuma.

"Ni wewe umeniita?"

"Mimi? Zii, hakuna mtu amekuja hapa. Kwani umeoga na soksi?"

Nikatazama chini. Soksi zangu zilikuwa zinadondoka maji.

Jana niliurudisha ule mfuko. Mwenye mitumba hakuniuliza sababu. "Si nilikuambia uchukue ya nyuzi? Hiyo haikutoka kwa bale ya mitumba. Ililetwa na mathe mmoja, mama ya msichana alikuwa anabeba mizigo huko mlimani. Mvua iliwapata, hakurudi. Jina yenu ni moja, ndio maana nilinyamaza." Nilimkasirikia, halafu nikajikasirikia mwenyewe. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nililisikia nikaliruka.

Sasa nina wa nyuzi. Unanuka plastiki, mzito, na ni baridi mpaka niupashe joto mwenyewe. Sijawahi kupenda baridi namna hii.

Nitaenda, Mama. Naogopa, sitakuficha, lakini kazi hii siiachi. Nakuomba jambo moja tu. Mpaka nirudi, niite Rosa, jina la ubatizo, hata ukiwa unaniombea. Lile lingine nimeshaliitikia, na sijui limekwenda na nani. Ndiyo sababu sikupiga simu: ungelitaja kabla sijakuzuia.

Nisalimie Baba, Dani, mke wa kaka na huyo mgeni aliye tumboni, na katekista aliyenifundisha kusoma.

Na mtu akibisha mlangoni, au akikupigia kwa sauti yangu hii hii, akasema, "Mama, ni Akoth, nasikia baridi," tafadhali Mama, hata moyo ukikuuma, usiitike.

Mwanao akupendaye,
Rosa