Bakteria Niliowafunika Shuka

Binti yangu ameacha chuo, mshauri. Hata salamu sijatoa, nisamehe, moyo umenijaa.

Mimi nauza mboga sokoni, shule niliishia darasa la saba, lakini tumbo hili lilizaa kichwa, wananiita Mama Profesa nami naitika. Likizo alikuja na chupa ya bakteria wa udongoni aliowakuza mwenyewe, akasema, "Mama, hawa ni wema, wanaisaidia mizizi kupata chakula, tutachovya miche ya kabichi," nikamwambia maisha yangu yote nafukuza wadudu leo unaniletea mzigo wao, tukacheka, lakini mvua zikachelewa, akarudi chuoni akaniachia chupa na maelezo mengi, mimi nikashika moja tu, kwamba ni viumbe hai, basi nikawalea kama wajukuu, nikawaweka kando ya jiko wasipate baridi, nikawafunika shuka langu, kila asubuhi nawajulia hali. Mvua ziliponyesha akaja tena kwa likizo ndefu, tuta moja tukachovya miche, la pili tukaliacha hivihivi, nami nikaalika kikundi chetu kizima cha akina mama waje siku ya mavuno, Jumamosi hii, wajionee. Sasa matuta yote mawili ni yaleyale, majani ya manjano, kabichi kama ngumi ya mtoto. Chuo kimefunguliwa, yeye kalala kaelekea ukutani, anasema, "Nimedanganya watu, Mama. Elimu yangu ni moshi." Jirani ana kabichi nono, amekubali tuzihamishie kwetu. Nifanye hivyo, au wageni wasije?

Mama Profesa

Mama Profesa, pole, na sasa kaa chini. Uliwapika. Bakteria wale walitaka kivuli na ubaridi, wewe ukawapa jiko na shuka. Miche mliichovya kwenye maiti. Ulikosea kwa mapenzi, lakini aliyekosea ni wewe, na mwanao anajilaumu kwa sababu hajui chupa ililala wapi. Mnakaa nyumba moja, halafu unaniandikia mimi. Mwambie leo. Atakasirika, mwache, hasira humwinua mtu kitandani, aibu humlaza.

Kabichi za jirani usiziguse. Wageni watasifu, na binti atabaki na uongo wa kweli mikononi. Zenu hazitapona msimu huu, nisikufiche, na hata bakteria wazima hawafanyi miujiza kwenye udongo usio na samadi. Kaonyeshe matuta yote mawili, na chupa, na jiko, kwa mdomo uleule uliojigamba nao. Mwanao akitaka kusema, mpishe. Asipotaka, usimsukume.

Wala usiahirishe. Waje wote, Jumamosi asubuhi.