Nilinoa Kisu cha Baba Mkwe Pande Zote Mbili

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako upesi, maana mwisho wa mwezi huu baba mkwe wangu anapeleka barua ya kuacha kazi na sababu ni mimi.

Mimi ni fundi saa na ugonjwa wangu ni saa za zamani zenye kipima muda, nikibonyeza kitufe nataka kilie mara moja, safi, mshale uondoke bila kuruka, na kasha liwe na kona zake za kiwandani ambazo hazijaguswa na msasa, na mzee naye ni mpishi wa hoteli, ugonjwa wake ni visu, anavipima kwa uzito mkononi na kwa jinsi chuma kinavyoshika makali, ndiyo maana tukapatana. Sasa mwezi uliopita nilikuta kisu chake kipenzi kimenolewa upande mmoja tu, wa pili bapa kabisa, nikadhani mzee amechoka akakiachia njiani, nikataka kumfurahisha, nikavaa lenzi yangu ya kazini nikakinoa na upande wa pili, kistari chembamba kama unywele, nikakirudisha kwenye kitambaa chake kimya kimya. Kumbe kisu kile hunolewa upande mmoja maisha yake yote!

Tangu hapo kinakwenda upande, vitunguu vinatoka vinene huku vyembamba kule, na macho ya mzee hayaoni kistari, kwa hiyo anaulaumu mkono wake. Jumapili akaniambia, "Hebu nipimie, mwanangu," akakata vitunguu vitatu. Zamani alimaliza kwa dakika moja; safari hii mshale ulizunguka mara mbili. Akaitazama saa yangu, akasema, "Hii haidanganyi. Mkono umekwisha." Mama mkwe akageukia sinki, nami nikabonyeza kitufe kurudisha mshale sifuri. Nikisema atanichukia, nisiposema anaacha kazi ya miaka thelathini na moja, na mke wangu hajui lolote. Nifanye nini?

Mkwe Mnoaji

Mkwe Mnoaji, pole, halafu ona aibu kidogo. Nani alikutuma? Mtu akiipiga msasa saa yako bila ruhusa ungesusa kula wiki nzima, lakini kisu cha mwenzio ukakikimbilia na jiwe!

Hata hivyo nilishusha pumzi nilipomaliza barua yako, maana nilitegemea msiba. Nimemuuliza mnoa visu wa jirani na ofisi yetu: kisu ni kizima. Ule upande bapa unalazwa kwenye jiwe na kusuguliwa taratibu mpaka kistari kitoweke. Usikiguse wewe, mwenyewe anajua.

Unaogopa kumpelekea mzee habari mbaya. Fikiri tena, bwana mdogo. Mzee anadhani uzee umemkamata mkononi, na ni wewe peke yako unayejua kwamba haumwi. Atafoka, ndiyo, na pengine atakuita jina ambalo gazeti hili haliwezi kulichapa. Livumilie, umelitafuta mwenyewe.

Leo ukifunga kibanda, mpigie mkeo umweleze yote, asije akasikia kwa mama yake. Kisha nenda kwa mzee na lenzi, mwonyeshe kistari, useme "nilikosea" kabla hujaanza maelezo. Mwache akinoe mwenyewe, mpe vitunguu vitatu, nawe ubonyeze saa. Na harakisha, maana hata wapishi husoma gazeti hili.

Ila ukifika mlangoni, usianze na habari za kisu. Anza hivi: "Baba, mkono wako mzima."