Mate ya Akoo

Jirani yangu Mama Mutuma,

Nisamehe kwa kuchelewa kukuandikia. Ulipopanda lori kurudi kwenu Meru nilikuahidi barua kabla ya mvua, na mvua imekuja, ikaisha, ikaja tena. Nimeanza barua hii mara nyingi nikaiacha. Watoto wanaugua kwa zamu, maji yako mbali, na nikipata nafasi ya kukaa chini usingizi unanishinda. Lakini hiyo si sababu yote. Ile nyingine ni aibu, na aibu haiandikiki upesi.

Hatuko tena pale mtaani kwetu Chechelesi. Serikali ilituhamisha pamoja na Waborana wengine, sasa tunakaa kwenye kijiji kilichozungushwa seng'enge, na kutoka ni kwa ruhusa. Barua hii sikuifunga, kwa sababu askari wa langoni ataisoma kwanza. Na aisome. Wewe pia ukimaliza, wasomee wale tuliokuwa tukichota maji nao, kama bado mnaonana.

Nakukumbuka. Kati ya chumba chako na changu palikuwa na mabati tu, nikikohoa unauliza kama nimekunywa chai. Guyo alizaliwa mchana, ndiyo akaitwa Guyo, na wewe ulimshika kabla yangu. Ulimwosha ukamfunga na leso yako mpya, na nilipotaka kuifua nikurudishie ukasema, "Wacha, hiyo ni yake, mimi nitanunuliwa ingine." Ulinifundisha kupika githeri ya mahindi na maharagwe. Mimi nikakufundisha kufukiza kibuyu moshi kabla ya kutia maziwa, na Baba Mutuma akauliza kwa nini chai yake inanuka kama msitu umeungua. Tulicheka siku hiyo mpaka tukashika mbavu, na kicheko kile sikidai kitu.

Lakini kulikuwa na kicheko kingine, cha bombani. Tangu vita hivi vya serikali na waasi wa shifta vianze, mimi pale nilikuwa Mama Shifta. Sijui nani alianza. Wewe ulilipenda jina hilo, ulikuwa ukiliita tangu mbali nikiwa nakuja na debe.

"Mpisheni Mama Shifta achote, asije akatutegea bomu hapa."

"Hiyo shuka ni pana hivyo ya nini? Umeficha bunduki ama umeficha bwana?"

Nilicheka na nyinyi. Kila siku nilicheka. Siku moja Guyo alikuwa na homa, nikachota maji nikaondoka kimya, ukanifuata ukanigusa bega. "Dada, wewe unaudhika haraka sana. Hayo ni matani tu." Nikakuambia sijaudhika. Nikarudi nyumbani nikijilaumu kwamba nimekuharibia asubuhi.

Sasa nikuambie ile siku nyingine, maana uliiona kwa upande wako peke yake.

Ulikuwa umemtoa Mutuma nje, umemwogesha, umempaka mafuta, amenona anang'aa. Mama mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Akoo, alikuwa ametoka kuuza maziwa. Alisimama akamtazama. Alimshika mkono, akasema neno la amani kwa Kiborana, akampulizia mate kidogo kwenye paji la uso. Nilikuwa nafua, nikaona kila kitu, nikafurahi, kwa sababu Akoo hampulizii kila mtoto. Kwetu ukimsifu mtoto ukaondoka hivi hivi, umemwacha wazi kwa jicho baya. Mate ya mzee ndiyo yanamfunika.

Wewe ulimfuta mtoto kwa upindo wa leso, ukambeba mgongoni, ukaenda moja kwa moja kwa chifu. Nilidhani unakwenda dukani.

Tuliitwa. Askari wawili mlangoni, chifu mezani, watu dirishani. Chifu akasema, "Mama mzee, huku ni mji. Huku watu hawatemeani mate."

Nikasema, "Kwetu ni baraka, chifu. Mtoto akipendwa ndiyo anatemewa."

"Wewe nimekuuliza?"

Nikakutazama wewe. Uliwahi kuniambia mwenyewe, tukichambua maharagwe, kwamba siku ya kwanza ya kwenda shule babu yako alikutemea mate kifuani, ukatembea njia yote ukijiona mkubwa. Nilingoja uyaseme hayo. Ulisema, "Hata kama ni baraka, mimi nimeudhika."

Chifu akaitikia kwa kichwa. "Ameudhika," akawaambia askari, na ikawa kesi imekwisha. Mama Mutuma, mimi pia nilikuwa nimeudhika, tena kwa muda mrefu kuliko wewe. Sikujua tu kwamba kuna ofisi inayopokea.

Kisha chifu akaniuliza mimi, kwa sababu nimesoma kidogo na Kiswahili nakijua, "Jina lake kamili ni nani?"

Hujui hili, na sikukuambia wakati ule. Kwetu mke wa mwana halitaji jina la mama mkwe. Nikikuta neno linalofanana na jina lake, natafuta lingine. Tangu niolewe lilikuwa halijatoka mdomoni mwangu, hata nikiwa peke yangu. Nikasema, "Tunamwita Akoo." Chifu akasema, "Akoo ni nyanya. Mimi sitaki nyanya, nataka jina, ama mlale ndani." Guyo alikuwa analia mgongoni. Nikalitaja. Askari mmoja hakusikia vizuri, nikalitaja tena kwa sauti.

Akoo aliangalia chini. Kiswahili chake ni cha kuuzia maziwa, basi alitumia alichokuwa nacho. "Samahani mama. Samahani serikali." Akainama mbele yako, na mimi nimesimama.

Katika chumba kile watu wawili walitukanwa, wewe kama ulivyosema, na Akoo mbele ya macho yetu, na hakuna aliyemtazama wa pili. Jioni yake ulikuja kuomba chumvi. Ukasema, "Yamekwisha, sivyo?" Nikakujaza kiganja nikasema yamekwisha.

Hayajakwisha. Nina mtoto mwingine sasa, msichana, alizaliwa hapa ndani. Akoo anambeba, anamwimbia, anamsinga kichwa, lakini hajampulizia mate. Juzi nilimwona amemshika mkono kama alivyomshika Mutuma, midomo imeanza kujikunja, kisha akageuka kutazama kama kuna mtu, akameza. Nilimwambia, "Akoo, huyu ni wako." Akanijibu, "Siku hizi mtu anauliza kwanza." Na hakuniuliza.

Ndiyo aibu yangu hiyo. Simwangalii usoni, na si kwa heshima kama zamani. Naona aibu kwamba nilicheka miaka yote ile, nikawafundisha nyinyi kwamba mimi siumii. Na sasa naona aibu kukuomba, maana huku ndani hakuna duka na wewe ndiye ninayekujua nje. Nakupenda, mkono wako ndio wa kwanza kumgusa mwanangu. Lakini sitakulipa kwa kicheko tena. Ukija, uniite Mama Guyo. Ukisahau nitakukumbusha, na ukiudhika, uudhike.

Msalimie Baba Mutuma. Mutuma sasa atakuwa anakimbia, mwambie Guyo bado anamtafuta nyuma ya kila nyumba. Lori la unga linaingia hapa siku za soko, dereva ni mtu wa kwenu, hanyimi mtu mzigo. Mpe haya:

Dawa ya macho ya kupaka, tyubu mbili, kwa sababu vumbi la huku linamtoa Guyo usaha na zahanati inatoa vidonge tu. Sabuni ya kufulia, kipande kirefu. Majani ya chai, pakiti moja, na sukari ukiweza. Sindano kubwa ya kushonea gunia na uzi wake. Nguo usitume, nguo tunazo.

Na maneno kwa Akoo. Andika Kiswahili chepesi, nitamfasiria mwenyewe. Andika kwamba ulijua yale mate ni nini. Andika kwamba yeye ndiye aliyekosewa. Yasizidi nusu ukurasa, na ndani yake kusiwe na "lakini". Kama huna maneno hayo, tuma dawa na sabuni peke yake. Nitapokea, nitashukuru, na nitakuwa nimejua.

Mimi jirani yako wa mabati mamoja,
Mama Guyo